Kupika stauti kavu ya Ayalandi nyumbani: lita 20, hatua kwa hatua

Bia nyeusi tii ikiwekwa mezani, wengi huihesabu kuwa nzito na kali kabla hawajaionja. Stauti kavu ya Ayalandi haiko hivyo. Kilevi chake ni asilimia 4 hadi 4.5, sawa na lager nyingi au chini yake, na ikishapita kooni haiachi utamu. Weusi wote unatokana na gramu mia nne na kitu za shayiri iliyokaangwa. Ukiinua glasi kwenye mwanga utaona hata si nyeusi, ni damu ya mzee.

Mapishi yake ni mafupi: nafaka 3, hopsi (maua yanayotia bia uchungu) aina 1, hamira na maji. Ufupi huo ndio unaoponza wengi, maana kosa halina pa kujificha. Na kosa kubwa kuliko yote hutokea shayiri iliyokaangwa inapokutana na maji yasiyoifaa. Hapo ndipo tutakapokaa zaidi. Hatua ambazo ni zilezile kwa bia yoyote tutazipita haraka.

Vipimo vyote hapa ni vya lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, na joto lote ni la nyuzi za Selsiasi. Uzito wa mwanzo tunaoulenga, yaani uzito wa kioevu ukilinganishwa na maji yanayosoma 1.000, ni 1.042, wa mwisho 1.010, na uchungu ni vizio 35, vile vinavyoandikwa IBU kwenye mapishi. Kilevi kitatoka asilimia 4.2.

Viambato

- Kimea cheupe cha ale: kilo 3
- Shayiri bapa: gramu 850
- Shayiri iliyokaangwa: gramu 420
- Hopsi za East Kent Goldings zenye alfa (asidi inayoleta uchungu) asilimia 5: gramu 58
- Hamira ya ale: pakiti 1 ya gramu 11
- Maji: lita 30, pamoja na ya akiba
- Sukari nyeupe ya kutilia chupani: gramu 90

Uwiano huo ni takriban 70, 20 na 10 kwa mia, nao ndio mgongo wa bia hii. Kimea hutoa sukari na vimeng'enya. Shayiri bapa ni nafaka isiyooteshwa, iliyopikwa kwa mvuke kisha ikagandamizwa kwa rola. Ndiyo inayoleta uzito wa mdomoni na povu linalodumu. Haihitaji kupikwa tena wala kusagwa, itie kama ilivyo. Usiibadilishe kwa shayiri mbichi ya kawaida, kwa sababu wanga wake haujafunguka na vimeng'enya havitaufikia vizuri.

Shayiri iliyokaangwa nayo haikuoteshwa. Ilitiwa kwenye pipa la kukaangia ikiwa punje kavu, ikakaangwa mpaka ikakaribia kuwa mkaa, na ladha yake ni ya kahawa chungu isiyo na maziwa. Kimea cheusi ni kitu kingine: kilianza kwa kuoteshwa, na kina ladha ya majivu zaidi kuliko kahawa. Pipa la kukaangia kimea lilipewa hataza mwaka 1817, ni la Daniel Wheeler wa Uingereza, na kwa miaka mingi stauti za Dublin zilipata weusi wake humo. Kodi ya kimea ilipofutwa mwaka 1880 wapishi wakawa huru kutumia nafaka isiyooteshwa, na polepole shayiri iliyokaangwa ikawa ndiyo sahihi ya stauti ya Ayalandi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "zote ni nyeusi, chukua yoyote", usimsikilize.

Ukipenda mtindo wa Cork, wa Murphy's na Beamish, ambazo ni laini na zina chokoleti zaidi, punguza shayiri iliyokaangwa iwe gramu 300 na ongeza gramu 150 za kimea cha chokoleti. Jaribu hivyo baada ya kupika ya kawaida angalau mara moja, ili ujue unaondoka wapi.

Hopsi hapa ni za uchungu tu. Hutafuti harufu, kwa hiyo aina yoyote isiyo na makeke itafaa: Fuggle, Target, Magnum, Northern Brewer. Alfa hubadilika kila mavuno, basi usishike gramu, shika hesabu: gawa 290 kwa alfa iliyoandikwa kwenye pakiti, utapata gramu za kutia. Alfa 5 inakupa gramu 58, alfa 12 inakupa 24.

Kwa hamira ya maji, Wyeast 1084 na WLP004 ndizo za Kiayalandi hasa. Pakiti moja ya hamira ya maji haitoshi lita 20, iandalie kianzio, yaani maji matamu ya kuizalishia, cha lita 1 na nusu siku mbili kabla, kwa gramu 100 za unga wa kimea (sukari ya kimea iliyokaushwa, si kimea kilichosagwa) kwa kila lita. Kama unataka usingizi wa raha, tumia ya unga: Nottingham humaliza bia kavu zaidi, S-04 huacha utunda kidogo. Mwanzoni tunapendekeza ya unga.

Vifaa

Unahitaji sufuria ya lita 32 au zaidi. Chombo cha kulowekea kinaweza kuwa kasha la plastiki la kuwekea barafu, lenye kuta nene, lita 25 hivi, lililowekwa chujio chini na koki. Usipokuwa nalo, mfuko wa neti unaotanda ndani ya sufuria unatosha. Namna ya kuutumia imeelezwa mbele kidogo. Kisha ndoo ya kuchachushia ya lita 25 hadi 30 yenye mfuniko na kizibo cha hewa, koili ya shaba ya kupozea, haidromita na silinda yake, kipimajoto, mizani inayosoma gramu, sifoni, na chupa 38 za nusu lita pamoja na mashine ya kufungia vizibo.

Kipimajoto kikague kabla ya kukiamini: kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kisome 0. Kikikosea nyuzi 3 tu, bia itatoka tamu au nyepesi kama maji, nawe utaishia kulaumu hamira.

Chochote kitakachogusa bia baada ya kuchemshwa lazima kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kitiwe dawa ya kuua vijidudu. Star San, mililita 1.5 kwa lita ya maji, haihitaji kusuuzwa. Dawa haisafishi uchafu, inaua tu kilicho wazi. Koki ya ndoo ifungue vipande vipande. Ndani yake ndimo bia nyingi zinamochachukia.

Maji, kabla ya kuwasha jiko

Mapishi mengi husifu "maji ya Dublin" yenye bikaboneti nyingi, na watu huanza kununua chumvi tano tofauti ili wayaige. Usijisumbue. Unachotafuta ni pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ya mchanganyiko wa nafaka na maji iwe kati ya 5.4 na 5.6, ikipimwa sampuli ikiwa imepoa. Bikaboneti ni njia tu ya kufika hapo.

Nafaka nyeusi ina asidi. Ukiiloweka kwenye maji laini, yasiyo na madini, pH hushuka mpaka 5.3 au chini yake. Matokeo yake ni bia yenye ukali mwembamba unaochoma pembeni mwa ulimi, kama kahawa iliyokaa kwenye moto mchana kutwa. Maji magumu yenye bikaboneti huizima asidi hiyo, na ndiyo sababu bia nyeusi zilistawi kwenye miji ambako bia nyeupe zilikuwa zinasumbua.

Kama birika lako hujaa magamba meupe, maji yako ni magumu. Yatumie kama yalivyo. Kama ni ya mvua au yaliyosafishwa kwa mashine, tia gramu 2 za bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea mikate, kwenye maji ya kulowekea. Gramu 1 hupandisha pH ya kipimo hiki kwa chini kidogo ya 0.1. Usivuke gramu 3, bia itaanza kuwa na chumvi. Na soma pakiti vizuri: magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine, na soda ya kufulia au kuzibulia mabomba ni sumu.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na fenoli za kimea hutoa harufu ya plasta ya kidonda ambayo haitoki kamwe. Ponda nusu ya kidonge cha Campden (salfaiti ya kuondolea klorini) ukoroge kwenye maji yote, subiri dakika 10. Kuchemsha maji au kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini mitambo mingi siku hizi hutia kloramini, ambayo haiondoki kwa njia hiyo.

Kusaga na kuloweka

Saga kimea kipasuke, maganda yabaki mazima kadiri inavyowezekana, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuwa chujio. Shayiri iliyokaangwa saga peke yake, laini kidogo kuliko kimea, lakini isiwe vumbi. Vumbi hutoa rangi nyingi pamoja na ukakasi mwingi, na huziba chujio.

Pasha lita 13 za maji mpaka nyuzi 72. Kasha liwe limepashwa kwanza kwa maji ya moto na kumwagwa. Mimina maji, kisha tia nafaka polepole huku ukikoroga kwa mwiko mrefu. Vunja kila donge. Ndani ya donge mna unga mkavu usiotoa sukari yoyote. Joto likitulia lisome 65 au 66. Likiwa chini, kila lita 1 ya maji yanayochemka hupandisha kama nyuzi 2. Likiwa juu, tia maji baridi kidogokidogo na ukoroge.

Kwenye nyuzi 65 vimeng'enya hukata wanga kuwa sukari ambazo hamira inaziweza karibu zote, na ukavu wa bia hii unatokana na hapo. Ukiloweka kwa nyuzi 69 au 70, zitabaki sukari ndefu ambazo hamira haizigusi, na uzito wa mwisho utagota kwenye 1.016. Itakuwa bia nzuri pengine, lakini si hii.

Baada ya dakika 10 pima pH. Ikiwa chini ya 5.3, tia gramu 1 ya bikaboneti, koroga, pima tena. Funika uache dakika 60 kwa jumla. Kipimo cha iodini cha kuangalia kama wanga umekwisha hakikusaidii hapa: tone lenyewe ni jeusi.

Kuhusu wakati wa kutia shayiri iliyokaangwa, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuitia tangu mwanzo pamoja na nyingine, ndiyo ya jadi, na kwa maji magumu ndiyo bora. Ya pili ni kuiacha kando na kuitia juu ya nafaka dakika 15 za mwisho; rangi itatoka vizuri na ukali utapungua, nayo inafaa kwa mwenye maji laini asiye na kipima pH. Ya tatu ni kuiloweka kwenye lita 2 za maji baridi usiku kucha, kuichuja, na kutia maji yake sufuriani dakika 10 kabla ya kuzima moto. Hiyo hutoa bia laini mno. Kwa maoni yetu ni laini kupita kiasi, inapoteza ule mkwaruzo wa kahawa unaoitambulisha stauti, lakini wapo wanaoipenda. Ukiifuata, ongeza shayiri iwe gramu 500, na punguza lita 2 kwenye maji ya kusuuzia.

Kuchuja na kusuuza

Fungua koki kidogo sana. Lita 2 au 3 za kwanza zitakuwa na machicha. Zirudishe juu taratibu kwa upawa mpaka yanayotoka yawe hayana vipande. Kisha yaache yateremke sufuriani. Kioevu hiki kitamu, kabla ya kutiwa hamira, ndicho wapishi wa bia wanachokiita worti.

Hapa shayiri bapa hudai malipo yake. Ina gundi nyingi, na ukifungua koki kwa pupa nafaka zote hushuka, zinajibana juu ya chujio, na hakitoki kitu. Kinga yake ni gramu 200 za maganda ya mpunga yaliyooshwa, yaliyochanganywa na nafaka tangu mwanzo. Hayaongezi ladha wala sukari. Ikishakwama, usipulize wala usitikise kasha. Funga koki, tia lita 2 za maji ya nyuzi 80, koroga nafaka yote upya, acha itulie dakika 10, anza tena kwa koki iliyofunguliwa robo.

Nafaka itakuwa imenyonya lita 4 hivi, basi utapata karibu lita 9. Tia nusu ya lita 16.5 za maji ya kusuuzia yenye nyuzi 76, koroga, acha dakika 10, rudisha machicha, chuja. Rudia na nusu iliyobaki. Maji yasizidi nyuzi 78, la sivyo maganda hutoa ukakasi, ule wa kung'ata ndizi mbichi.

Kwa mfuko wa neti hakuna kusuuza: pasha lita 29 mpaka nyuzi 69, zamisha mfuko wenye nafaka, funika kwa blanketi dakika 60, inua, acha uchuruzike. Hakikisha sufuria yako ni ya lita 35 au zaidi, maana maji na nafaka pamoja hufika lita 32. Bikaboneti ongeza kwa nusu.

Sufuriani sasa ziwe lita 25, na worti ikipoa isome karibu 1.035. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20; ukisoma worti ya moto itakudanganya kwa kushuka. Kama uzito umepungua, unga wa kimea gramu 100 hupandisha pointi 1.5, yaani 0.0015. Tukishika pointi 5 za upungufu, gramu 330 zinatosha.

Kuchemsha na kupoza

Worti inapokaribia kuchemka usiondoke. Povu la protini hupanda ghafla, na sukari iliyomwagika kwenye jiko ni kazi ya jioni nzima. Punguza moto, puliza maji baridi kwa chupa ya kunyunyizia. Povu likivunjika, tia hopsi zote na uhesabu dakika 60 za kuchemka kwa nguvu, mfuniko ukiwa wazi. Jiko la gesi liwe nje au penye hewa ya kutosha.

Mwani wa Ayalandi, licha ya jina lake, hauhitajiki. Kazi yake ni kung'arisha bia, na hii hakuna atakayeona kama ina ukungu.

Dakika 15 kabla ya kuzima, zamisha koili ya shaba ijitakase kwa joto. Ukizima, pitisha maji baridi ndani yake na ukoroge worti kwa mwiko uliotakaswa, ishuke hadi nyuzi 18. Dakika 30 ni kasi nzuri. Kama maji ya bomba ni ya vuguvugu, koili itakufikisha kwenye 28 au 30 na kugoma. Hapo kalisha sufuria kwenye beseni la maji na barafu. Usitie hamira kwa sababu umechoka kusubiri. Worti ya nyuzi 30 huzaa pombe chafu zinazoumiza kichwa, na ladha ya ndizi mbivu.

Hamisha lita 20 kwenye ndoo kwa kuimwaga kutoka juu ili inyonye hewa. Huu ndio wakati pekee ambapo oksijeni ni rafiki. Pima uzito, andika.

Kuchachusha

Nyunyiza hamira ya unga juu ya worti, au iamshe kwanza kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka nyuzi 30, kwa dakika 15. Funga mfuniko, tia maji kwenye kizibo cha hewa.

Siku 4 za kwanza shikilia nyuzi 18 hadi 19 za bia yenyewe. Hewa ya chumba haikupi jibu, kwa kuwa hamira ikichangamka hutoa joto lake na ndoo hupita chumba kwa nyuzi 2 au 3. Mahali pa joto, ikalishe ndoo kwenye beseni la maji, ifunike kwa taulo lililolowa, ubadilishe chupa za maji yaliyogandishwa asubuhi na jioni. Ni kazi, lakini ni ya siku 4 tu.

Povu likianza kushuka, acha joto lipande hadi 20 au 21 kwa siku 3 zaidi. Hamira za Kiayalandi hupenda kuacha daisetili, harufu ya siagi au bisi za sinema, na joto hilo la mwisho huifanya hamira irudi kuila. Ukiwahi kuipoza au kuihamisha bia, siagi hubaki.

Kutulia kwa mapovu kwenye kizibo hakumaanishi bia imekwisha. Baada ya siku 10, pima. Baada ya siku 3, pima tena. Namba ikiwa ileile, na iko kati ya 1.009 na 1.012, imekwisha. Zungusha haidromita kwanza ili vipovu vilivyoishikilia viachie.

Ikigota juu ya 1.015, ipashe ndoo mpaka 21, itikise polepole bila kufungua ili hamira iliyolala iamke, ngoja siku 4. Isiposhuka kabisa, kwa kawaida joto la kuloweka lilikuwa juu na hakuna sukari iliyobaki ya kuliwa. Bia itakuwa nzito kidogo lakini salama. Ikiwa bado inashuka hata kwa pointi 1, usiifunge chupani. Chupa ya kioo iliyopasuka kwa presha hutupa vigae ukutani.

Chupani

Chemsha sukari gramu 90 kwenye mililita 250 za maji kwa dakika 5, poza, mimina kwenye ndoo safi, kisha teremsha bia juu yake kwa sifoni, ncha ya mpira ikiwa chini ili isimwagike na kunyonya hewa. Koroga taratibu bila kutibua. Kipimo hiki ni kidogo makusudi: stauti inataka gesi kidogo kuliko lager. Ikizidi, gesi yenyewe ina ukali, nayo huongeza uchungu wa nafaka nyeusi mpaka bia ionekane chafu.

Jaza uache sentimita 2.5 juu, funga, weka gizani kwenye nyuzi 20 kwa wiki 2, kisha baridi. Ukitikisa chupa ya kwanza ikawa kimya, ongeza wiki moja kabla ya kuhangaika.

Kegi na naitrojeni

Ule ukungu unaoteremka glasini na povu la krimu hautokani na mapishi. Unatokana na naitrojeni. Mwaka 1959 Guinness walianza kuuza bia ya kegi (pipa la chuma) iliyotiwa gesi hiyo, kazi iliyoongozwa na mwanahisabati wao Michael Ash, na tangu hapo ulimwengu ukaamini stauti ndivyo inavyozaliwa.

Nyumbani unahitaji mtungi wa gesi iliyochanganywa, naitrojeni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi 25, rigeleta ya mtungi huo, na bomba la stauti lenye kisahani chenye matundu madogo. Rigeleta ya kaboni dayoksaidi usiilazimishe: presha ya mtungi wa mchanganyiko ni kubwa mara kadhaa. Poza kegi hadi nyuzi 5, fungua gesi kwa bar 2 hadi 2.4, iache wiki. Bia ndani itakuwa na gesi kidogo tu. Kazi yote iko kwenye kisahani: bia ikisukumwa kwenye matundu, naitrojeni hutoka kwa vipovu vidogo mno, na vipovu vidogo ndivyo krimu. Ukiona povu tupu na hakuna bia, kaboni dayoksaidi imezidi. Ifungue kegi, itoe presha mara kadhaa kwa siku moja.

Inamisha glasi nyuzi 45, jaza robo tatu, iweke chini kama dakika 2 mpaka mpaka wa weusi na weupe uonekane wazi, kisha malizia ikiwa wima. Vipovu vinavyoonekana kushuka ukutani mwa glasi vinavutwa na bia inayozunguka: katikati vinapanda, pembeni vinashushwa.

Wa chupa asiye na mtungi ana hila yake. Mimina bia glasini, vuta mililita 15 kwa sirinji safi isiyo na sindano, rudisha kwa nguvu ndani ya bia ileile. Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa kiasi kikubwa, na povu hubadilika papo hapo. Fanya hivyo kwenye glasi tu, na uinywe upesi, kwa kuwa oksijeni nayo imeingia.

Ukionja na kuna kasoro

Ukakasi unaokausha mdomo: maji ya kusuuzia yalikuwa ya moto mno, au nafaka nyeusi ilisagwa vumbi. Ukali wa asidi bila harufu mbaya: pH ilishuka, rudi kwenye bikaboneti. Ukali unaoongezeka kila wiki, na chupa zinazofoka zikifunguliwa: vijidudu, tafuta kwenye koki na mipira, na mpira wa zamani utupe. Ladha ya karatasi iliyolowa: oksijeni wakati wa kuhamisha. Nyepesi mno mdomoni ingawa uzito ni sahihi: shayiri bapa ilikuwa kidogo, ipandishe hadi kilo 1 na uongeze maganda ya mpunga. Majivu: umeuziwa kimea cheusi.

Kwa anayetumia unga wa kimea

Loweka gramu 420 za shayiri iliyokaangwa ndani ya mfuko kwenye lita 4 za maji ya nyuzi 68 kwa dakika 30, inua bila kuukamua, ongeza maji hadi lita 24, tia kilo 2.2 za unga mweupe wa kimea moto ukiwa umezimwa ili usishike chini, kisha endelea na kuchemsha kama ilivyo hapo juu. Shayiri bapa usiitie kwenye mfuko huo: bila vimeng'enya vya kimea itatoa wanga tu, na bia itakuwa na ukungu wa uji. Ukitaka mwili wake, changanya gramu 850 zake na gramu 850 za kimea, loweka kwa nyuzi 66 dakika 60 kwenye lita 5.5, na punguza unga uwe kilo 1.3.

Bia ya uzito huu si ya kuzeeshwa. Iko bora kati ya wiki ya 4 na ya 12, ikinywewa kwa nyuzi 6 hadi 8. Chini ya hapo kahawa hulala, na ladha inayobaki ni ya uchungu peke yake.